Akiba Isiyofunguliwa Huoza: Maoni Kuhusu Seva Pepe na Nakala Rudufu

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Usemi huo ni kweli tupu kwa mtama uliokaushwa vizuri na kuhifadhiwa ghalani. Katika makala haya, hata hivyo, nakusudia kuonyesha kwamba kwa upande wa kompyuta mambo ni kinyume: akiba ya kompyuta huoza, tena huoza kimyakimya, na mwenye akiba huwa hana habari mpaka siku atakapoihitaji. Kutokana na ukweli huo nitadai jambo la pili, ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda: kwamba mfanyabiashara mdogo anayechagua programu ya kuendeshea seva zake hukosea njia akianza na programu yenyewe. Yampasa aanze na swali la jinsi atakavyorejesha kazi yake baada ya maafa. Na jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia programu.

Aliyenifundisha kuliuliza swali hilo vizuri si profesa. Ni mama mmoja wa Morogoro, auzaye mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Ana maduka mawili na wafanyakazi wasiozidi kumi. Wakati wa masika huwakopesha wakulima mbegu, nao humlipa baada ya mavuno. Madeni hayo yote, pamoja na hesabu za ghala na za mauzo, yalikuwa katika kompyuta moja kuukuu iliyowekwa chini ya meza ya karani. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ile hamkuwa na tarakimu tu. Mlikuwa na ahadi za watu.

“Mwalimu,” aliniambia baada ya kuamkiana, “mafundi watatu wamenipa majina matatu ya programu, na kila mmoja anasema wenzake hawajui kazi. Mimi si mtu wa mitambo. Niambie hili tu: nikiamka asubuhi nikakuta kompyuta imekufa, siku hiyo nitauza au sitauza? Na wanaodaiwa nitawajuaje?”

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza sifa za programu zile tatu. Niliposikia swali lake, nilitambua kwamba yeye ndiye aliyeshika kiini cha jambo, na kwamba mafundi watatu pamoja nami tulikuwa tumeshika maganda.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Yafaa kwanza tueleze jambo tunalolizungumzia. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: huzihifadhia hesabu, mafaili na barua. Kwa kawaida kompyuta moja huendeshwa na mfumo endeshi mmoja. Lakini inawezekana kuweka juu ya kompyuta hiyo programu simamizi, ambayo mafundi huiita haipavaiza, na programu hiyo ikaigawa kompyuta moja ya chuma na waya katika kompyuta kadhaa zisizoshikika. Hizo ndizo tunazoziita kompyuta pepe au mashine pepe. Kila moja ina mfumo endeshi wake, ina sehemu yake ya kumbukumbu na ya diski, na inaendesha kazi zake kana kwamba iko peke yake.

Tufikirie nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, na ugomvi wa chumba cha kwanza haufiki cha tatu. Mwenye nyumba ndiye agawaye maji na umeme, naye ahakikisha kwamba hakuna mpangaji atakayechukua fungu la mwenzake. Haipavaiza ndiyo mwenye nyumba huyo.

Fikra hii si ngeni. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya IBM mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji ajione kuwa ana kompyuta yake mwenyewe. Na mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wake ulioitwa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza kwa lugha ya hisabati masharti matatu ya ugawaji wa namna hiyo: kwamba programu iliyomo ndani ya mashine pepe itende kama ambavyo ingetenda katika kompyuta halisi, kwamba haipavaiza iwe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote, na kwamba sehemu kubwa ya amri zitekelezwe na prosesa yenyewe moja kwa moja, ili kasi isipotee. Prosesa za kompyuta ndogo za siku zile za mwanzo hazikuyatimiza masharti hayo. Kampuni ya VMware ilipata njia ya kulizunguka tatizo hilo na kutoa programu yake ya kwanza mwaka 1999. Kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 zikaanza kutengeneza prosesa zenye kuusaidia ugawaji huo. Tangu hapo jambo lililokuwa la makampuni makubwa likaweza kufanyika hata chini ya meza ya karani wa duka la mbegu.

Faida inayotajwa sana ni kwamba mtu hununua mtambo mmoja badala ya mitatu. Ni kweli, lakini kwa biashara ndogo mimi naiona faida nyingine kuwa kubwa zaidi. Mashine pepe nzima, pamoja na mfumo endeshi wake, programu zake na hesabu zake, imo ndani ya mafaili machache. Faili huweza kunakiliwa. Mtambo ukiungua, mafaili yale huhamishiwa mtambo mwingine, hata wa kiwanda kingine, na mashine pepe ikaamka huko bila fundi kuanza upya kusakinisha kila kitu.

Hata hivyo faida hiyo ina upande wake wa pili. Mama yule angenunua mitambo mitatu, kufa kwa mmoja kungemwachia miwili. Akiviweka vyote katika mtambo mmoja, paa likiungua wapangaji wote hulala nje. Kwa hiyo anayeunganisha seva zake pasipo kutengeneza nakala rudufu hajaipunguza hatari. Ameikusanya mahali pamoja.

Majina yanabadilika

Sasa tuyatazame majina ambayo mfanyabiashara atatajiwa. La kwanza ni ESXi ya VMware, iliyotawala uwanja huu kwa miaka mingi. La pili ni Hyper-V ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2008. La tatu ni Proxmox, programu huria iliyoanza mwaka huohuo wa 2008 mjini Vienna nchini Austria. Nayo hutumia KVM, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007. La nne ni XCP-ng, iliyoanza mwaka 2018 juu ya msingi wa Xen, kazi ya Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza iliyotangazwa mwaka 2003. Zote nne ni kazi za watu hodari. Kwa mahitaji ya duka lenye wafanyakazi kumi, tofauti ya kasi baina yao haitamkosesha mtu usingizi.

Lililo muhimu zaidi ni masharti ya matumizi, na masharti hayo hubadilika. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata ilisimamisha uuzaji wa leseni za kudumu, na wateja wakatakiwa kulipa ada za muda. Februari 2024 toleo la bure la ESXi, ambalo wafanyabiashara wadogo wengi walikuwa wameliegemea, liliondolewa. Aprili 2025 likarudishwa. Kwa upande wa Microsoft, Hyper-V Server ya mwaka 2019 ndiyo ya mwisho kutolewa bure peke yake. Baada ya hapo mwenye kutaka kuitumia katika seva huipata ndani ya Windows Server, na leseni ya Windows Server Standard kwa kawaida huruhusu mashine pepe mbili tu za mfumo huo. Simlaumu mtu: mali ni yao, na masharti ni yao. Lakini mpangaji mwenye busara hujua kwamba kodi yaweza kupanda, naye hujiwekea njia ya kuhama.

Kutokana na hayo napendekeza maswali mawili ya kuipimia programu yoyote. Swali la kwanza: je, naweza kuitoa mashine pepe yangu humu na kuiamsha katika programu nyingine? Swali la pili: je, programu hii inaufungua mlango ambao programu za nakala rudufu huingilia? Swali hili la pili limewatia wengi hasarani. Kwa miaka mingi toleo la bure la ESXi lilikuwa limefungiwa mlango huo, hata watu waliofurahia kupata haipavaiza bila malipo wakagundua baadaye kwamba programu nzuri za nakala rudufu hazikuweza kuingia. Proxmox ina programu yake ya nakala rudufu, iliyotolewa rasmi mwaka 2020. Na Veeam, iliyozoeleka kwa VMware na Hyper-V, imeweza kunakili mashine za Proxmox tangu mwaka 2024. Utaona, basi, kwamba uchaguzi wa haipavaiza na uchaguzi wa nakala rudufu si mambo mawili. Ni jambo moja, na nakala ndiyo itanguliayo.

Vitu vinavyodhaniwa kuwa akiba

Wako watu wanaoamini kwamba wana nakala rudufu, kumbe hawana. Kosa lililo maarufu kuliko yote ni kuzitegemea diski mbili zinazoakisiana, ambapo kila kiandikwacho katika ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Mpango huo hukulinda diski moja ikifa. Haukulindi dhidi ya mkono wako mwenyewe, kwa sababu kioo hukuonyesha ulivyo, pamoja na uchafu wa usoni.

Hilo nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya uzamivu, usiku mmoja nilifuta saraka isiyokuwa yenyewe. Diski ya pili, kwa utii mkamilifu, ilifuta vilevile. Sikuwa na wasiwasi mkubwa, maana kila wiki vipimo vyetu vilinakiliwa katika kanda za sumaku. Asubuhi tulizifungua kanda hizo. Tulikuta kwamba kwa muda wa miezi minne mtambo ulikuwa ukinakili saraka ya zamani ambayo hapakuwa na mtu aliyeitumia tena. Kila wiki ulikuwa umeandika kwamba kazi imekamilika, na kwa kweli ilikuwa imekamilika: ulifanya hasa ulichoagizwa. Vipimo vya miezi minne vilipotea, nami nikalazimika kuvirudia vyote. Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi hata siku moja kuifungua akiba yangu kuona ndani mna nini.

Kosa la pili ni kuitegemea taswira ya papo, yaani ile alama ambayo haipavaiza huiweka ili mashine pepe iweze kurudishwa katika hali iliyokuwa nayo saa fulani. Taswira hiyo yafaa sana kabla ya kufanya mabadiliko yenye hatari, lakini kwa kawaida hukaa katika diski ileile ya mashine inayotarajiwa kuokolewa. Kosa la tatu ni kuiacha diski ya nakala ikiwa imechomekwa kwenye seva mchana na usiku. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry iliziingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikayafunga mafaili na kudai kikombozi. Programu za namna hiyo hazichagui. Kila diski zinayoifikia huifunga, na ile ya nakala haiachwi.

Msomaji asidhani kwamba makosa haya ni ya wanafunzi na wauza mbegu tu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao, alikuwa akishughulikia hitilafu hadi usiku. Alikusudia kufuta saraka katika seva ya akiba, lakini amri ikatekelezwa katika seva kuu. Aliisimamisha baada ya sekunde chache. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Ndipo ikadhihirika kwamba katika njia tano walizodhani zinawalinda hapakuwa na iliyofanya kazi ipasavyo. Nakala za kila siku zilikuwa zimeshindwa kuandikwa kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na la hifadhidata, na barua za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa na mtambo wa barua. Waliokolewa na taswira moja ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni hiyo ilistahili sifa kwa kuieleza dunia habari yote bila kuficha. Sisi nasi tutastahili lawama tusipojifunza.

Hesabu ya basi na ya waya

Ipo kanuni nyepesi iliyoenezwa na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, ambaye aliwaza jinsi ya kulinda picha zake: uwe na nakala tatu za kila kitu ukihesabu na ile ya kazini, ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na pale ulipo. Sehemu ya mwisho ndiyo hupuuzwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Baadhi ya wateja waliokuwa na nakala walikuta kwamba nakala zenyewe zilikuwa palepale penye moto.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba siku hizi mambo haya yote yamepitwa na wakati: mfanyabiashara na apeleke kila kitu katika wingu, yaani katika seva za kukodi kupitia intaneti. Sipingi wingu. Ni mahali pazuri pa kuiweka ile nakala ya mbali, mradi isimbwe kwa siri kabla ya kutoka dukani, hasa kwa kuwa majina na madeni ya wakulima ni taarifa binafsi ambazo sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka zilindwe. Napinga kuwa na wingu peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Siku kama hiyo mwenye akiba ya wingu pekee ana akiba asiyoweza kuigusa.

Hata siku njema yafaa kupiga hesabu. Tuseme mama yule ana gigabaiti 500, na intaneti yake inapokea megabiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ana biti trilioni 4 za kurudisha. Tukigawa kwa milioni 10 tunapata sekunde 400,000, ambazo ni saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu za usiku na mchana. Diski ya kawaida iliyochomekwa kwenye mtambo, ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, itaimaliza kazi hiyo kwa dakika 83. Na tukiipakia diski hiyo katika basi la kutoka Dar es Salaam, nalo likafika Morogoro kwa saa nne, tutakuwa tumesafirisha zaidi ya megabiti 270 kwa kila sekunde ya safari. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuihakikisha hesabu hii. Fundi anayeuza huduma bila kuipiga hamtendei haki mteja wake.

Jibu la swali la Mama

Nilimrudishia mama yule swali lake likiwa limegawanyika mara mbili. La kwanza: ukipata maafa, uko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Alifikiri, akasema nusu siku, kwa kuwa risiti za nusu siku makarani wanaweza kuziandika upya kutoka katika vitabu. La pili: uko tayari kukaa bila kompyuta muda gani? Akasema siku moja. Lakini wakati wa masika, asubuhi moja tu, kwa sababu mkulima aliyetoka mbali na mvua inanyesha hawezi kuambiwa arudi kesho.

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyochagua mitambo yote. Nusu siku ilimaanisha nakala ichukuliwe adhuhuri na jioni. Asubuhi moja ilimaanisha kwamba nakala kamili lazima iwe karibu, na pawepo na kompyuta ya pili, hata ikiwa dhaifu, inayoweza kuziamsha mashine pepe. Kwa hiyo alinunua seva moja ya kadiri pamoja na betri ya kuishikilia umeme unapokatika. Kompyuta yake ya zamani ikaongezewa diski na kumbukumbu, ikapelekwa duka la pili ili ipokee nakala. Na diski mbili za kubebeka zikawa zinapokezana, moja kazini na nyingine nyumbani kwake, bila kuchomekwa. Alichagua Proxmox, kwa kuwa ilijibu vizuri maswali yetu mawili bila ada ya lazima, na kwa kuwa fundi wa mjini kwake aliijua. Angekuwa na fundi aliyebobea katika Hyper-V na leseni za Windows tayari, ningemshauri vingine bila kusita. Na angekuwa na programu moja tu ya hesabu, ningemwambia aache kabisa habari ya mashine pepe na anunue diski za nakala.

Jambo la mwisho nililomsihi ni zoezi. Jumamosi moja jioni, baada ya duka kufungwa, yeye mwenyewe aliichomoa seva, akaifungia stoo, akamwambia fundi, “Wezi wameichukua. Haya, nirudishie duka langu.” Fundi alifika haraka kwenye nakala zilizosimbwa, akaulizwa ufunguo wa siri. Akasimama. Ufunguo ule alikuwa ameuhifadhi kwa uangalifu mkubwa, ndani ya seva iliyokuwa stoo.

Mama alimtazama kwa muda. “Kwa hiyo ufunguo wa ghala tumeufungia ghalani,” akasema.

Hapakuwa na aliyefukuzwa kazi, na hilo nalo ni funzo: zoezi ndipo mahali pa kukosea. Ufunguo uliandikwa katika karatasi mbili, moja katika sanduku lake la hati nyumbani na nyingine kwa ndugu yake. Zoezi la mwezi uliofuata lilichukua saa tatu na robo. Hatukutosheka na maandishi ya kijani yaliyosema kwamba kazi imefanikiwa. Mama alifungua daftari lake, akachagua wakulima watano, akamwamuru karani asome madeni yao katika mashine iliyofufuliwa. Yote matano yalikuwa sawa. Ndipo nilipokubali kwamba ana akiba. Kabla ya hapo alikuwa na matumaini tu, mimi nami nilikuwa nayo kama yeye.

Wito kwa walimu

Ndugu walimu, yawezekana baadhi yenu mmesema kimoyomoyo kwamba habari za duka la mbegu haziwahusu. Naomba mwulize shuleni kwenu: alama za maendeleo ya wanafunzi za miaka yote zimo wapi? Mara nyingi zimo katika kompyuta moja ya ofisi ya taaluma, au katika kompyuta ya mapajani ya mwalimu mmoja, naye husafiri nayo. Mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea hana risiti ya kuonyesha.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba somo la kompyuta lisiishie katika kuwafundisha vijana kuandika barua na kuchora majedwali. Mpeni kila mwanafunzi kazi hii: anakili faili fulani, alipeleke mbali, afute la kwanza, kisha alirejeshe mbele ya wenzake na kuthibitisha kwamba yaliyomo ni yaleyale. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa gharama, na atakayeifanya mara tatu haitamtoka maishani. Kisha mwambieni aende nyumbani akawaulize wazazi wake wenye duka, kinu au zahanati swali moja tu: mara ya mwisho mliifungua lini akiba yenu?